Mfuatano (wa vinasaba)

mfuatano nm (wingi: mifuatano) [ngeli ya U-I]

Maana

1. Hali ya vitu au matukio kuja kimoja baada ya kingine kwa utaratibu maalumu: *mfuatano wa matukio, mfuatano wa sauti katika silabi*.
2. (biolojia) Utaratibu wa besi nne, ziandikwazo kwa herufi A, C, G na T, katika uzi wa vinasaba.

Makala haya yanahusu maana ya pili, ambayo imepata uzito mpya tangu watafiti wa Afrika Mashariki walipoanza kufundishwa kuchambua data za jenomu katika vyuo vyao wenyewe.

Asili na muundo

Nomino hii imetokana na kitenzi *fuatana*, kauli ya kutendana ya *fuata*. Wazo lililomo ni la nani yuko mbele na nani yuko nyuma, na ndilo hasa linalotakiwa katika fani hii. Herufi L, I, M na A zikibadilishana nafasi hutoa *lima*, *mali*, *lami* na *imla*: herufi ni zilezile, lakini mfuatano ni tofauti, na maana hazikaribiani. Vivyo hivyo, besi nne zilezile hubeba maagizo tofauti kulingana na mfuatano wake. Mfano huu humfaa mwalimu kwa sababu mwanafunzi hahitaji kujua kemia ili auelewe.

*Vinasaba* (umoja: *kinasaba*) ni zao la neno *nasaba*, lenye asili ya Kiarabu na maana ya ukoo, likapachikwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI. Nchini Tanzania neno hili hutumika zaidi kwa maana ya molekuli yenyewe ya urithi. *Jeni* ni sehemu ya molekuli hiyo yenye kazi mahususi, na *jenomu* ni jumla ya vinasaba vyote vya kiumbe. Baadhi ya waandishi hutumia *vinasaba* kwa maana ya jeni. Matumizi hayo si makosa ya kisarufi, lakini humlazimu mfasiri kuangalia muktadha kabla ya kuchagua neno.

Mfuatano si mpangilio

Kosa linalojitokeza zaidi katika tafsiri za fani hii ni kutumia *mpangilio* kwa dhana tatu tofauti. Katika mafunzo ya uchambuzi, dhana hizo ni hatua ambazo mwanafunzi hapaswi kuzichanganya:

- usomaji wa mfuatano: kazi ya mashine ya kutambua besi moja baada ya nyingine. Matokeo yake ni vipande, ambavyo katika mashine nyingi huwa na herufi 150 hivi kila kimoja.
- ulinganishaji: kutafuta kila kipande kinaangukia wapi katika jenomu ambayo tayari inajulikana, yaani jenomu rejea.
- uunganishaji: kujenga jenomu kutokana na vipande vyenyewe kwa kutazama sehemu zinazopandana, bila kutegemea rejea.

Tafsiri inayosema “watafiti walifanya mpangilio wa jenomu” haimwambii msomaji ni hatua gani kati ya hizo tatu iliyofanyika. Inashauriwa *mpangilio* libaki na maana yake ya kawaida ya jinsi vitu vilivyowekwa: *mpangilio wa jeni katika kromosomu*.

*Mfululizo* na *msururu* nayo hayatoshelezi. *Mfululizo* husisitiza kutokatika (*mvua ya siku tatu mfululizo*), ilhali *msururu* huleta picha ya watu au magari yaliyojipanga. Hakuna kati yake linalodai kwamba nafasi ya kila kitu ina maana.

Mfano kutoka Arusha: jenomu ya twiga

Umuhimu wa kutenganisha hatua hizo unaonekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la *Nature Communications*. Uliongozwa na Morris Agaba wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Tengeru, Arusha, na Douglas Cavener wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani. Watafiti walisoma mfuatano wa vinasaba vya twiga na vya okapi, jamaa yake wa karibu anayeishi katika misitu ya Kongo. Waliripoti jeni 70 zenye dalili nyingi za kubadilika kwa namna inayoendana na maisha ya twiga. Mojawapo ni FGFRL1, inayohusiana na ukuaji wa mifupa na mfumo wa moyo na mishipa ya damu.

Ili kuzitambua jeni hizo, vipande vya twiga na okapi *vililinganishwa* na jenomu rejea ya ng’ombe, ambayo ilikuwa imechapishwa mwaka 2009. Mfasiri akiandika kwamba “vilipangwa kwa jenomu ya ng’ombe”, msomaji anaweza kudhani kuwa twiga ana jenomu ya ng’ombe. Akiandika kwamba “viliunganishwa na jenomu ya ng’ombe”, atadhani kuwa vinasaba vya wanyama wawili vilichanganywa maabarani. *Vililinganishwa* husema kilichotokea, na humkumbusha mwanafunzi mpaka wa njia hiyo: sehemu ya twiga isiyo na mwenzake kwa ng’ombe haiwezi kuonekana kwa ulinganishaji peke yake. Kwa mtafiti chipukizi anayewaona twiga katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya Mlima Meru, huo ndio msingi wa kuamua njia gani ya uchambuzi inamfaa.

Istilahi za darasani

Lugha rasmi ya kufundishia elimu ya juu nchini ni Kiingereza, na programu nyingi za uchambuzi hutoa taarifa zake kwa lugha hiyo. Hata hivyo, mkufunzi anayetaka kueleza jambo kwa Kiswahili ana maneno ya kutosha:

- usomaji wa mkupuo: usomaji wa mamilioni ya vipande kwa pamoja. *Mkupuo* linafaa kuliko *kasi*, kwa kuwa ubora wa teknolojia hii hautokani na wepesi wa kusoma kipande kimoja, bali na wingi wa vipande vinavyosomwa kwa wakati mmoja.
- kipande: linafaa kuliko *somo* au *kisomo*, ambayo tayari yana maana zake katika elimu.
- alama ya ubora: kiasi cha kuaminika kwa kila herufi. Alama 20 ina maana ya uwezekano wa kosa 1 katika 100. Alama 30, kosa 1 katika 1,000.
- kupogoa: kuondoa ncha za vipande zenye ubora hafifu. Neno hili linafahamika kwa wakulima wa kahawa wa miteremko ya Meru, nao hukata matawi kwa sababu iyo hiyo: kuacha kilicho na manufaa.
- kina cha usomaji: wastani wa mara ambazo kila nafasi katika jenomu imesomwa. Kusoma jenomu ya binadamu, yenye herufi takriban bilioni 3, kwa kina cha 30 huhitaji vipande milioni 600 vya herufi 150. Hesabu hii huonyesha kwa nini mtafiti lazima ajifunze kuendesha kompyuta kwa amri za maandishi. Faili za namna hii hazifunguki katika jedwali la kawaida.
- tofauti: nafasi ambapo sampuli haifanani na rejea. Lisitafsiriwe *kasoro*. Tofauti nyingi hazina madhara yoyote, na rejea yenyewe si kipimo cha uzima.

Angalizo kwa wafasiri wa fomu za ridhaa

Katika mazungumzo ya kawaida nchini Tanzania, *kupima vinasaba* huhusishwa kwanza na kuthibitisha uzazi wa mtoto au kutambua mhusika wa jinai. Upimaji wa vinasaba vya binadamu una sheria yake, iliyotungwa mwaka 2009. Kwa hiyo fomu inayosema tu “tutapima vinasaba” inaweza kumtisha mshiriki au kumfanya akubali jambo asilolielewa. Linganisha:

- ✗ *Tutachukua damu yako na kupima vinasaba.*
- ✓ *Tutachukua damu yako na kusoma mfuatano wa vinasaba vya vimelea vya malaria vilivyomo. Hatutasoma vinasaba vyako wewe.*

Sentensi ya pili inataja kitendo, inataja mwenye vinasaba, na inaweka mpaka. Iwapo vinasaba vya mshiriki navyo vitasomwa, hilo liandikwe waziwazi, kwani ridhaa iliyotolewa kwa sentensi yenye utata si ridhaa kamili.

Mifano ya matumizi

- *Mfuatano wa jeni hii haujabadilika kwa ng’ombe, mbuzi na kondoo.*
- *Mifuatano miwili ilitofautiana katika nafasi moja tu.*
- *Vipande vyenye alama ya ubora chini ya 20 viliondolewa kabla ya ulinganishaji.*

Tazama pia: jeni, jenomu, kinasaba, kromosomu, mfululizo, mpangilio, nasaba, rejea, sampuli