Kanisa la Masasi Katika Majaribu Matatu

Katika jubilei hii yatupasa kuwakumbuka si wale waliojenga makanisa tu, bali na wale walioishika imani makanisa yalipokuwa majivu. Kwa hiyo twaleta habari za Masasi.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliookolewa katika utumwa. Walishuka Lindi, wakashika njia ya bara kwa miguu. Nia ilikuwa kuwafikisha kwao, upande wa Ziwa Nyasa. Lakini walipoiona nchi ya Masasi waliipenda, wakakaa. Hawakuwa wa ukoo mmoja. Kilichowaunga ni sala na jembe.

Jaribu la kwanza lilikuja mwaka 1882. Wangoni, walioitwa huko Wagwangwara, waliushambulia mji, wakaua watu na kuteka wengine. Waliosalia walitawanyika, na kazi ikahamia Newala. Hata hivyo mbegu haikufa: mwaka 1890 Cecil Majaliwa, mtumishi wa Chitangali, akapewa upadre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misioni ya UMCA.

Jaribu la pili ni Vita vya Maji Maji. Mwaka 1905 misioni ya Masasi ilichomwa moto, nao Wazungu wakakimbilia pwani. Vita vilipopita, watu walirudi, wakajenga tena.

La tatu lilizidi yote. Mwaka 1914 Wadachi waliwakamata wamisionari Waingereza, na wengi wakazuiliwa Tabora mpaka Wabelgiji walipoutwaa mji ule Septemba 1916. Waalimu Waafrika nao walidhaniwa wapelelezi: wengi walifungwa, wengine walichukuzwa mizigo ya vita, na wako waliokufa. Lakini mapadre na waalimu Waafrika waliobaki waliwakusanya watu, wakasali, wakafundisha.

Walisimamaje? Si kwa nguvu za mtu mmoja. Kazi ilikuwa imegawanywa mapema: vijijini walikuwako waalimu, na mapadre walikwisha kutoka miongoni mwa wenyeji. Mmoja alipoondolewa, mwingine alijua pa kushika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi sisi tuliokabidhiwa kufundisha tujiulize: mwalimu wetu akihama leo, au akifa, Jumapili sala itaongozwa na nani? Mtaa usio na jibu haujawa tayari kwa siku ya taabu. Tuwafundishe vijana sasa, wakati wa amani, ili watakaokuja wasilikute kundi limetawanyika.

Mungu awape raha watumishi wake waliotutangulia, na sisi atutie nguvu. Amina.