Thamani ya Mashamba katika Vita vya 1914–1918, Afrika ya Mashariki

Katika nchi ambayo jeshi hulishwa kwa mizigo ya kichwani, shamba lenye rutuba huwa na thamani kupita mji. Vita vilivyopiganwa miaka ya 1914–1918 katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ni ushahidi wa jambo hilo.

Mbung'o waliwaua farasi na maksai, kwa hiyo mbali na reli wapagazi ndio waliokuwa tegemeo kubwa. Hesabu yao ni nyepesi. Mpagazi mwenye mzigo wa nafaka wa ratili 60, akila ratili 2 kila siku, huumaliza wote kwa siku 30. Na kwa kuwa hana budi kurudi, safari ya siku 15 haimfikishii askari hata punje. Ndiyo sababu jeshi lililokwenda mbali lilipaswa kula mavuno ya nchi lililoiingia.

Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliiteka Moshi, Dodoma na Morogoro, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji waliingia Tabora. Reli ya Kati ikawa imetoka mikononi mwa Wajerumani, lakini vita havikwisha. Lettow-Vorbeck alikwisha rudi kusini, na majeshi yake yakashika Mahenge, karibu na bonde la Ulanga lenye mpunga mwingi. Waliomfuata walikuta kwamba kila hatua ya kwenda mbele iliwaweka mbali zaidi na chakula chao.

Mambo yalibadilika mashamba yalipopotea. Wabelgiji waliitwaa Mahenge mwezi wa Oktoba 1917. Tafel, aliyeongoza kikosi kilichotoka huko, alijisalimisha tarehe 28 Novemba, kwa kuwa watu wake hawakuwa na chakula. Siku tatu kabla yake Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akaiteka ngome ya Wareno ya Ngomano pamoja na akiba zake, akaishi karibu mwaka mzima katika Msumbiji kwa mavuno ya wenyeji.

Lakini mavuno hayo yalikuwa na wenyewe. Ugogo si nchi ya mvua nyingi, na akiba ya mtama na ng'ombe ndiyo kinga yake. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, mifugo na vijana. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu. Njaa ya miaka ya 1917–1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, yaani kinyang'anyiro, inakadiriwa kuwa iliua watu wapatao 30,000.

Lugha imeyahifadhi yote mawili. Kariakoo, jina la mtaa wa Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi: ndilo kumbukumbu ya waliokibeba chakula. Mtunya ni kumbukumbu ya walionyang'anywa.