Kisanduku kitupu si sifuri

Leo naweka kando mambo ya seva na Linux nisimulie habari za programu moja ya zamani sana, ambayo nadhani kila anayeandika programu huku kwetu angefaidika kuijua. Kazi yake ilikuwa kupima vijana wa futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wa umbo la yai na kofia ngumu.

Kwa ambao hawaufuatilii mchezo huo: kila mwaka timu za ligi ya NFL hugawana vijana wanaotoka vyuoni. Timu huchagua kwa zamu, iliyofanya vibaya zaidi ikitangulia. Mgao huo huitwa drafti (si drafti yetu ya vizibo vya soda, ingawa nako ukishasogeza kete hairudi). Kati ya wanaobishaniwa sana ni mkimbiaji wa nyuma, yaani yule anayekabidhiwa mpira mkononi na kupenya katikati ya majitu yanayotaka kumwangusha. Anatakiwa awe mwepesi wa kuanza, aone mwanya kabla haujafunguka, asiangushe mpira, na asipokuwa nao amkinge mwenzake. Wengi wana mawili au matatu kati ya hayo.

Basi, mwaka 1960 ilianzishwa timu ya Dallas Cowboys. Meneja wake, Tex Schramm, alikuwa ametoka kufanya kazi katika televisheni ya CBS. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka huohuo, kule Squaw Valley, aliona kompyuta za IBM zikitoa matokeo. Akajiuliza, mbona tusizitumie kupima wachezaji? Mwaka 1962 alizungumza na kampuni tanzu ya IBM, na kazi ikamwangukia mtaalamu wa takwimu kutoka India aitwaye Salam Qureishi. Mchezo aliokuwa ameuzoea huyo bwana ni kriketi!

Mimi naona huo ugeni ndio uliomsaidia. Maskauti wakimwambia kijana ni "mwepesi", yeye anauliza: mwepesi wa miguu, wa kugeuka, au wa kuelewa? Wao kwa wao hawakuwahi kuulizana. Walianza na vigezo vipatavyo 300, wakavichuja hadi vikabaki vitano visivyopimika kwa saa wala mizani: tabia, wepesi na udhibiti wa mwili, moyo wa kushindana, akili ya haraka, na nguvu za kufyatuka. Kila skauti alijaza fomu ya sentensi zilezile na kutoa alama 1 hadi 9. Qureishi alizingatia pia kuwa skauti mmoja hugawa alama kama njugu na mwingine ana mkono wa birika, akazisawazisha. Ilichukua miaka kadhaa kuiweka sawa. Ukiniuliza, sehemu ngumu ya kazi ile ilikuwa kamusi. Hesabu zilifuata baadaye.

Sasa tumtazame mkimbiaji mmoja. Januari 1969, katika zamu ya 24, Cowboys walimchukua Calvin Hill wa chuo cha Yale. Watu walishangaa. Yale ni chuo cha wasomi, na timu kilizocheza nazo zilihesabiwa kuwa dhaifu. Uzuri wake ulionekana: mrefu, mzito, na mrukaji wa riadha. Udhaifu uliotajwa ni kwamba hajapambana na wakali. Hata Cowboys wenyewe walimjaribu kwanza katika nafasi nyingine. Alipopewa mpira, msimu huo alikimbia yadi 942, wa pili katika ligi nzima nyuma ya Gale Sayers, licha ya kuumia kidole cha mguu. Akatajwa mchezaji bora mgeni wa mwaka. Mwaka 1972 akawa wa kwanza wa Cowboys kupita yadi 1,000 katika msimu.

Huo "udhaifu" wake nauona hivi: lilikuwa swali lisilo na jibu, likahesabiwa kama jibu baya. Wanaofanya kazi na hifadhidata wananielewa. Kisanduku kitupu si sifuri. Ukikijaza sifuri, wastani wote unaharibika, na mtu anaadhibiwa kwa jambo ambalo hakuna aliyekwenda kulitazama. Cowboys walipouliza maswali yaleyale kila chuo, waliwapata watu ambao wengine waliwapita. Rayfield Wright wa Fort Valley State alichaguliwa katika raundi ya 7 mwaka 1967, na leo yumo katika ukumbi wa mashujaa wa mchezo huo.

Siku hizi fomula zimejaa. Mwaka 2008 Bill Barnwell alitoa moja ya wakimbiaji: uzito kwa ratili mara 200, ugawanye kwa muda wa yadi 40 uliopandishwa kipeo cha nne. Mwenye ratili 220 akikimbia kwa sekunde 4.5 anapata kama 107. Wa ratili 200 kwa muda huohuo anapata kama 98. Ni fomula tamu, mstari mmoja tu wa msimbo. Lakini haijui kama kijana anaangusha mpira.

Na kwetu je? Julai 2013 Indianapolis Colts walimsajili Mkenya Daniel Adongo, aliyecheza raga Afrika Kusini na New Zealand. Hakupitia drafti, na futiboli hiyo hakuwahi kuicheza. Mwili ulipimika vizuri kabisa; visanduku vya mchezo vyote vilikuwa vitupu. Desemba akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza katika NFL. Alicheza mechi chache katika misimu miwili, kisha akaachwa. Wapo wanaosema walikosea. Mimi nasema walikuwa wachache waliojisumbua kuangalia.

Nayaandika haya kwa sababu mwalimu mmoja wa michezo hapa Ogwedhi ameniomba programu ya kupanga vijana wake. Shule za sekondari zenye timu kali huchukua wachezaji na kuwapunguzia karo, kwa hiyo orodha hiyo ni karo ya mtu. Fomu aliyonayo ina safu ya "mashindano aliyoshiriki". Watoto wa shule za huku ndani, ambazo hazina hata nauli ya kwenda Migori mjini, wameandikiwa 0.

Nimeiondoa hiyo 0. Mahali pake patasomeka "hajaonekana", na programu haitamshusha mtoto huyo chini ya orodha. Itaandika jina lake kwenye ukurasa wa pekee: shule, njia ya kufika, na siku ambayo mwalimu ataenda kumtazama.