Take, Kitenzi Kilichovuka Bahari

Majina ya vitu hukopwa kwa urahisi, maana kitu kigeni hufika sokoni pamoja na jina lake. Vitenzi vya kila siku ni vigumu zaidi kubadilika. Kiswahili kimepokea fikiri na safiri kutoka Kiarabu, lakini la, pa na twaa vimebaki vya Kibantu. Ndiyo maana historia ya take inanistaajabisha: Waingereza walikuwa na kitenzi chao cha kuchukua, wakakiacha.

Kitenzi hicho kilikuwa niman, ndugu wa nehmen ya Kijerumani. Mabadiliko yalianza na wavamizi: mwaka 793 watu wa Skandinavia walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 865 likaja jeshi lao kubwa. Mfalme Alfred wa Wessex alimshinda Guthrum, kiongozi wao, huko Edington mwaka 878, lakini wageni hawakuondoka. Walilima na kuoa kaskazini na mashariki, wakaacha majina ya miji kama Grimsby na Whitby. Habari hizi husimuliwa kwa panga na moto, ilhali mimi naamini ujirani ndio uliogeuza lugha. Kinorse, lugha ya wageni hao, na Kiingereza cha Kale vilikuwa na asili moja, na watoto wa nyumba zilizochanganyika walikua na taka ya Kinorse, mzazi wa take (isiyohusiana kabisa na taka yetu), kando ya niman.

Neno hilo la Kinorse lilishuka kusini polepole mno. Mwishoni mwa karne ya 12 mtawa Orm, mwenye jina la Kinorse, aliandika takenn katika mahubiri yake ya kishairi. Huko Kent, mwaka 1340, mtawa Dan Michel bado aliandika nime. Baadaye nim ikapoteza heshima, ikawa neno la mitaani la kuiba. Shakespeare akampa jina la Nym askari mwizi katika Henry V, naye akaishia kitanzini. Mabaki ya neno hilo yamo katika numb, yaani aliyechukuliwa hisi, na nimble, mwepesi wa kudaka.

Take yenyewe ilianzia mkononi, katika kugusa na kushika. Kisha ikapanuka bila kizuizi. Sisi dawa tunameza, picha tunapiga, basi tunapanda, mtihani tunafanya, kiapo tunakula. Mwingereza anatumia take kwa yote hayo. Akiiongezea kineno kidogo, maana inahama tena. Take off ni kuvua nguo, na pia ni ndege kupaa. Take after ni kufanana na mzazi. Take in ni kumkaribisha mtu nyumbani, au kumlaghai.

Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, aliorodhesha maana 134 za take. Katika dibaji alilalamika kwamba vitenzi vya aina hii vina maana legelege na pana mno, akaongeza kwamba kuviunganisha na vineno vidogo ndiko kunakowapa wageni taabu kubwa kuliko yote; kwa hiyo aliikusanya miunganiko hiyo kwa uangalifu. Nashukuru aliliona hilo. Mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu anayeshindwa kutofautisha take on na take over hana kasoro ya akili: anabeba mzigo uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 1,000, na anastahili mwalimu atakayemweleza hivyo.