Treni Iliyoanzia Ziwani

Reli haijawahi kufika Homa Bay wala Migori, lakini watu wa huku walipanda treni kitambo sana. Safari yao ilianzia ziwani. Reli ya Uganda ilifika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, Desemba 1901. Baadaye meli za reli hiyohiyo zikawa zinapita Homa Bay na Kendu Bay, zikibeba watu na mizigo hadi Kisumu. Hapo ulishuka gatini, ukaingia stesheni, ukalala njiani hadi Nairobi. Enzi za ukoloni, Mwafrika kwa kawaida alikaa daraja la tatu.

Siku hizi sifa zote ni za Madaraka Express. Tangu 2017 inatoka Nairobi hadi Mombasa kwa saa tano hivi; treni ya zamani ilimaliza usiku mzima. Iko sawa. Ila upande wetu, SGR ilifika Naivasha 2019 ikakwama hapo. Treni ya Kisumu ilirudi Desemba 2021 kwenye reli ya mkoloni, lakini kutoka Homa Bay unaifuata kwa matatu.

Kwa hivyo tukilinganisha treni hizi, tusihesabu tu saa za kufika Mombasa. Tumuulize mtu wa Migori anatumia saa ngapi kufika stesheni.