Bayoanuwai: Istilahi na Maana Yake Hulugho

Istilahi bayoanuwai, ambayo wengine huiandika bioanuwai, ina sehemu mbili. Bayo ni ile ile ya bayolojia, yenye asili ya Kigiriki, nayo yahusu uhai. Anuwai limetoka Kiarabu, maana yake aina mbalimbali. Mkataba uliofunguliwa kutiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992 unaitazama bayoanuwai katika ngazi tatu: tofauti ndani ya spishi moja, tofauti kati ya spishi na spishi, na tofauti za mifumo ya ikolojia.

Uzito wa istilahi hii umo katika anuwai. Wingi wa miti au wa wanyama hautoshi kuitwa bayoanuwai, na hilo linaonekana wazi Hulugho, kaunti ya Garissa, mahali ambapo nyika ya wafugaji inakutana na msitu wa Boni.

Msitu huo una viumbe adimu. Kamera za kujifyatua zimempiga picha paa nunga, aliyejulikana zaidi Unguja na Arabuko-Sokoke. Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba kamera hizo zimenasa pia sange ambaye hakufanana na spishi yoyote iliyojulikana. Watu wa jamii ya Waaweer wamerina asali na kuishi humo kwa vizazi vingi, kwa hiyo kuwapo kwa binadamu peke yake si maangamizi.

Kwenye mbuga za nyasi yuko hirola, ambaye Wasomali humwita arawla. Chini ya kila jicho ana tezi kubwa nyeusi, ndiyo maana huitwa swala wa macho manne. Ndiye spishi pekee iliyosalia katika jenasi yake. Miaka ya 1970 walizidi 10,000. Leo inakadiriwa hawafiki 500. Kundi likipungua hivyo, ngazi ya kwanza nayo huathirika: wanyama wachache wanaozaliana wenyewe kwa wenyewe hupoteza tofauti za kijeni zinazowasaidia kustahimili maradhi na ukame.

Miaka ya 1980 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, uliwaua hirola wengi. Majangili nao waliwamaliza tembo, ambao kwa kuangusha miti na kula matawi ndio waliokuwa wakiziacha mbuga wazi. Mifugo ikalishwa kupita uwezo wa malisho, nyasi zikapungua, vichaka vikajaa. Picha za setilaiti zinaonyesha kwamba kati ya 1985 na 2012 eneo lenye miti katika makazi ya hirola liliongezeka kwa asilimia 251. Kwa anayehesabu miti, hiyo ni neema. Kwa hirola, anayeishi kwa nyasi fupi na uwanda wa kumwona simba mapema, ni kufukuzwa kwao.

Ndiyo maana uhifadhi wa huku una sura isiyozoeleka. Katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, kaunti ndogo jirani ya Ijara, wenyeji walitoa ardhi ya mababu zao ikazungushiwa ua mwaka 2012, na hirola 48 wakaingizwa humo, wakazaliana. Kwingineko wafugaji wanalipwa kung'oa vichaka na kupanda nyasi za asili, ambazo ng'ombe wao pia watazila.

Mpango wowote wa mazingira unaoletwa Hulugho upimwe kwa istilahi hii yote, kwa ngazi zake tatu. Miche milioni ya aina moja ikipandwa juu ya mbuga ya nyasi, miti imeongezeka na bayoanuwai imepungua.