Mfalme Aliyekataa Kupanda Mlima

Wiki iliyopita nilitoroka joto la Dar na kukimbilia Lushoto. Siku ya kwanza tulitembea msitu wa Magamba: njia nyembamba, ukungu, mbega wakiruka juu ya vichwa vyetu, na mimi nikihema kama treni ya mizigo. Siku ya pili tukaenda Irente, na huko ndiko nilikopata cha kuwasimulia.

Ukifika Irente, mlima unakatika ghafla. Mbele ni hewa tupu, na chini kabisa ni tambarare kavu hadi macho yanapochoka, na mashamba ya mkonge yamepangwa kama mistari ya daftari. Mwongozaji wetu akanyoosha kidole: "Pale ni Mazinde." Wenzangu wakapiga picha. Mimi nikakaa chini, maana jina hilo nilikuwa nalijua.

Katikati ya karne ya 19, mtawala wa Usambaa alikuwa Kimweri ya Nyumbai, wa ukoo wa Wakilindi, na mji wake ulikuwa Vuga, huko huko milimani. Mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848. Nguvu ya Kimweri ilitokana na mlima wenyewe: mvua, migomba, na watu wengi wa kutoa kodi. Nyika ilikuwa mahali pa jua na hatari. Nani ashuke?

Alishuka mwanawe, Semboja. Akaweka makazi Mazinde, penye njia ya misafara iliyotoka Pangani kuelekea bara. Watu wa Vuga walihesabu migomba. Semboja alihesabu meno ya ndovu na bunduki. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Heshima yote ilikuwa Vuga, ila baruti ilikuwa Mazinde. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja akamfukuza mpwa wake mlimani.

Hapa ndipo naona ujanja wake. Hakuhamia Vuga! Alimweka huko mwanawe mdogo, yeye akabaki bondeni karibu na soko. Tusidanganyane, hata leo tunawajua wakubwa wanaotawala hivyo.

Bei ya mchezo huo walilipa wengine. Wabondei waliasi wakawafukuza Wakilindi kwao, katika vurugu zilizoitwa Kiva. Na katika vita hivyo vya ndugu, mateka waliuzwa pwani kama watumwa. Mtu aliyelala mlimani akiwa mkulima aliweza kuamka yuko kwenye mnyororo, akiteremshwa kwenda Pangani. Nilipokuwa nahesabu hatua zangu za kurudi, nikilalamikia magoti, wazo hilo lilininyamazisha.

Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huo huo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa. Baadaye wakaja na mkonge na reli, na kila kitu kikapita kule kule bondeni alikochagua yeye. Barabara ya Arusha nayo ipo pale. Kutoka Irente malori yanaonekana kama siafu.

Anayetaka kisa kizima atafute "Habari za Wakilindi" ya Abdallah bin Hemedi. Ni Kiswahili kitamu cha kale, na mwandishi alimjua Semboja mwenyewe.

Safari ijayo nataka kwenda Vuga kwa miguu. Wenye jamaa kule, nielekezeni njia.